Ukanda Usiolimwa

Wanaoniona leo, mzee mwenye miti kila upande wa nyumba, hudhani niliipenda miti tangu utoto, na hunisifia. Huwa nawaacha waseme, maana kuwaeleza kunachosha na ukweli wenyewe haunipendezi. Mimi ni mmoja wa watu waliouangamiza msitu wa juu ya kijiji chetu, na nilifanya hivyo nikiwa nimevaa sare ya kuulinda.

Kijiji chetu kilikuwa chini ya mlima, upande wa Mpwapwa, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka stesheni ya Gulwe. Ugogo ni nchi kavu, kila mtu anajua. Lakini mlima ule ulikuwa na msitu mzito, wenye miti mirefu iliyoota ndevu za kijani. Ukungu ulilala humo hadi jua likawa juu, na udongo wake ulikuwa na unyevu hata mwezi wa kumi, wakati huku chini hata mbuzi walikuwa wanatafuta kivuli. Chemchemi yetu ilitoka pale msitu ulipoishia. Mama alijivunia maji yake kama wengine wanavyojivunia ng'ombe, na mgeni akija alimpa maji kwanza, maneno baadaye.

Miti ya tambarare ilikuwa imeshaisha. Ilikwenda Gulwe gogo kwa gogo, ikapangwa kando ya reli, ikaliwa na garimoshi. Nilipokuwa mdogo nilifuatana na mjomba, kaka yake mama, kwenda kuuza kuku dukani kwa Mhindi, nikaona rundo la kuni refu kuliko stesheni yenyewe. Halafu Wazungu hao hao waliokuwa wakizichoma wakapanda mlimani na vitabu vyao, wakagundua kwamba Wagogo ndio wanaoharibu miti. Hata sasa hilo likinijia wakati wa kula, chakula kinanishinda.

Mwenye kauli juu ya msitu alikuwa mjomba, kama baba yake kabla yake. Usidhani alikuwa mzee mpole wa kutoa mawaidha. Alikuwa mkali, mwenye haraka, na ukichelewa kazini kwake alikutukana mbele ya mkeo. Kazi hiyo ilikuwa ukanda. Kila mwaka, mvua zikikaribia, watu wa miteremkoni walichoma vichaka walivyofyeka kwa ajili ya mashamba. Kabla hajawasha mtu moto, kila nyumba ilitoa jembe, na wanaume wakalima ukingo wote wa msitu, upana wa hatua kumi, mpaka ubaki udongo mtupu. Mjomba alipita nyuma yao ameinama, akiokota majani makavu kwa mkono. Siku akiridhika, aliwasha moto wa kwanza yeye mwenyewe, alfajiri kabla ya upepo, akianzia kwenye ukanda ili moto uteremke na kuupa msitu mgongo. Hapo ndipo wengine walipowasha. Aliyemtangulia alitozwa fahali, na fahali huyo aliliwa na kijiji kizima.

Serikali ilipoufanya msitu kuwa hifadhi, bwana misitu, Mwingereza kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, aliuzungushia nguzo za mawe. Alitaka kuwa na hakika hakuna mti uliobaki nje, basi akazisimamisha chini kidogo ya ukanda. Ukanda wote ukawa ndani. Sheria ilikuwa fupi: asiingie mtu na shoka, jembe wala moto.

Mimi nilikuwa nimetoka shule ya misheni, najua kusoma na kuandika, nikapewa ulinzi. Nilipewa kaptula ya kaki, kofia na daftari, na kichwa kikavimba. Nilipita kijijini nikiwasomea sheria watu walionibeba mgongoni, na wakinisalimu niliitikia kwa kutikisa kofia. Nikimkumbuka kijana yule natamani kumzaba kofi.

"Na ukanda?" mjomba aliniuliza.

"Uko ndani ya nguzo, mjomba. Haulimwi tena."

"Moto atauzuia nani?"

"Serikali."

"Hiyo serikali siku hiyo itakuwa imelala kwa nani?" Watu wakacheka. Mimi sikucheka.

Mwezi wa tisa nilimkuta ukandani peke yake, jembe mkononi, wengine wote wameogopa. Hakukimbia. Bwana misitu alikuwa mjini na asingejua kitu. Ningeweza kupita upande mwingine wa mlima. Nilitoa daftari nikaandika jina la mjomba wangu, jina la baba yake, mahali na kosa, kwa mwandiko mzuri wa misheni. Alinitazama mpaka nikafika mwisho wa mstari.

"Ukimaliza," akasema, akinionyesha jiwe lililozuia jembe lake, "njoo unishikie jiwe hili. Ni zito."

Sikumshikia.

Barazani walimhukumu kifungo cha miezi tisa, ili wengine wajifunze, na bwana misitu akanipa mkono mbele ya watu. Jioni mama alinipakulia chakula kama kawaida. Ila hakukaa nami kama alivyozoea.

Watu walijifunza kweli. Walifyeka vichaka vyao, wakasubiri moto wa kwanza, na wa kuuwasha alikuwa gerezani. Kulima ukanda hakuthubutu mtu. Mawingu yalipoanza kujikusanya hawakuweza kusubiri tena, kwa sababu shamba lisilochomwa kabla ya mvua ni njaa ya mwaka mzima. Kila mtu akawasha lake kwa wakati wake. Mmoja aliwasha mchana, upepo ukipanda mlima.

Nilikuwa juu na nikaona moto unapita kati ya nguzo mbili za mawe. Niliupiga kwa matawi mpaka nyusi zikaungua. Ukavuka majani yaliyoota ukandani, ukaingia kwenye ule udongo mweusi wa msituni uliojaa mizizi, ukawa unakula chini kwa chini siku nne, na miti mikubwa ikaanguka bila kukatwa na mtu. Sijapata kusikia tena sauti kama ile, na sitaki.

Bwana misitu aliandika kwamba chanzo cha moto ni uzembe wa wenyeji. Akaniletea karatasi nitie sahihi kama shahidi, nami nikatia.

Mvua zilipokuja zilishusha majivu na tope. Chemchemi ilitoa maji meusi, kisha maji kidogo, na mvua zilipokwisha likabaki jiwe lenye unyevu. Mama akaanza kushuka na wanawake wa bondeni kuchimba mchanga wa mto. Aliondoka alfajiri akarudi jua limewaka, na maji yenyewe yalikuwa na chumvi.

Mjomba alitoka gerezani baada ya mavuno, amekonda, akaja moja kwa moja kwetu. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Mama akamletea maji. Alipiga funda moja, akakitazama kibuyu, akamtazama mama, halafu akageuza shingo akautazama mlima kwa muda mrefu. Njia aliyojia inapita upande wa pili. Ndiyo kwanza alikuwa anauona.

"Moto uliingiaje?" akaniuliza.

"Hapakulimwa, mjomba. Watu waliogopa. Sheria ilimkataza kila mtu kuingia na jembe."

"Kila mtu?"

"Kila mtu."

Akanywa maji yote, pamoja na chumvi yake, akafuta mdomo.

"Wewe ulikuwa unaingia kila siku, mpwa wangu," akasema bila ukali wowote, yeye aliyekuwa akitukana watu kwa kuchelewa tu. "Jembe lako lilikuwa wapi?"

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni. Naye alikuwa anasubiri nijibu.