Kuipasua ao Kuichunga

Wiki hii, kwenye hospitali moja ya Ibanda, niliketi nyuma ya muzee mmoja na mke wake. Daktari alikuwa amewaambia kwamba kansa ya prostate, ile tezi dume, ya muzee ni ndogo na inakua polepole: wanaweza kuipasua sasa, ao kuifuata kwa vipimo.

“Waitoe leo,” muzee alisema. “Siwezi kulala na nyoka mu nyumba.”

Mke wake akamwekea mkono begani. “Papa, operasio inaweza kukuachia shida ya mukojo. Dokta anasema iko inalala. Tuichunge.”

“Na ikiamuka?”

“Itatukuta wawili.”

Muzee akasimama, akamwendea muuguzi. “Maman, andika randevu, siku ya kurudi kwa vipimo. Ya watu wawili.”

Mimi nilikuwa nimekuja kupimwa kwa siri. Nikatoka nje, nikampigia mke wangu simu.