Siku Nilipojibu "No"

Juzi nilikuwa saluni mjini Voi nikisubiri zamu yangu, msusi alipofungua kopo la mafuta ya nywele ya kijani, yale yanayonukia tufaha. Roho iliniuma palepale. Mimi ni mama wa watoto wawili wanaonisikiliza wakipenda, lakini harufu hiyo bado hunifanya nimwonee wivu msichana wa darasa la nne.

Jina lake lilikuwa Wakesho. Aliletwa kwetu Wusi, juu kwenye milima ya Taita, kutoka Voi katikati ya muhula, aje kuishi na nyanyake. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka hadi madirishani, sisi tumejikunyata ndani ya sweta zilizotoboka viwiko, naye akasimama mlangoni, nywele zinang'aa, soksi nyeupe pepepe, ananukia kama harusi.

Mimi na Mshai tulikaa dawati moja tangu chekechea. Mshai ndiye aliyeniletea kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, kwenye kikopo na kunipa upande wenye maharagwe mengi. Mimi ndiye niliyemchongea penseli. Tulikuwa na lugha yetu ya kukanyagana miguu, ambayo hakuna mwalimu aliyewahi kuigundua. Kwa hiyo macho ya Madam Mkamburi, mwalimu wetu wa Kiingereza, yalipozunguka darasa zima na kutua kwetu, nilishika ukingo wa dawati kwa mikono miwili.

Akaja, akainama, akaniuliza polepole: "Do you mind if Wakesho sits here with Mshai?"

Sasa, msomaji wangu, nikueleze Kiingereza changu kilivyokuwa. "Sit" nililijua. "Here" nililijua. "Mind" nilikuwa nimeambiwa ni akili, na sikuona akili inahusiana vipi na dawati langu. Nikaliruka neno hilo kama unavyoruka dimbwi. Nilichosikia ni: Wakesho akae hapa? Nikavuta pumzi, nikajibu kwa sauti ya kufukuza mbuzi shambani: "No!"

Madam akatabasamu. "Thank you. You are very kind."

Kisha yeye mwenyewe akabeba mkoba wangu hadi dawati la nyuma lililokuwa tupu. Nikamfuata nimeduwaa. Nimekataa, nimeshukuriwa, nimehamishwa.

Jumapili, baada ya ibada, Madam alinisifu mbele ya mama. Mama alifurahi mpaka akachinja kuku. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akanipa paja. Nililitafuna kwa hasira.

Kutoka kule nyuma niliona visogo viwili vimekaribiana. Kabla wiki haijaisha, Mshai naye alianza kunukia tufaha, na kikopo cha kimanga kikawa kinafunguliwa bila mimi. Usiku nikisali niliongeza maombi yangu ya siri: soksi za Wakesho ziingie matope, na nyanyake ahamie mbali, ikiwezekana Mahoo, kule Taveta.

Siku moja tukakutana bombani. Aliinua ndoo yake, maji yakanimwagikia sketi.

"Woi! Usimaindi," akasema.

Neno hilo la vijana wa mjini lilikuwa halijapanda mlima wetu. "Kumaindi ndiyo nini?"

"Kuumia roho. Si kama vile Madam alikuuliza? Utaumia roho nikikaa na Mshai? Ukasema hapana."

Nilisimama pale sketi ikidondosha maji, maana ya neno ikiniingia. Kumbe nilitoa ruhusa kwa mdomo wangu mwenyewe!

"Basi mimi namaindi," nikamwambia. "Namaindi sana." Nikaangua kilio.

Wakesho alijitwika ndoo yake, akaenda zake. Asubuhi yake nilimkuta kwenye dawati langu la nyuma, mkoba mapajani. "Rudi mbele," akasema. "Nimeshamwambia Madam."

Nikarudi. Nilidhani ningefurahi zaidi. Nilimkanyaga Mshai mguu, naye akanikanyaga, lakini kila mara shingo yake iligeuka nyuma. Saa ya chakula alichukua kikopo na kwenda kukaa na Wakesho. Nikawafuata nimenuna, nikala nimenuna, na ilipita mihula miwili kabla sijasahau kununa.

Mwaka jana nilimkuta Madam Mkamburi sokoni, amestaafu, anabonyeza parachichi moja moja. Nikamkumbusha kisa kile, nikitarajia acheke kwamba hakunielewa.

"Nilikuelewa," akasema. "Uso wako ulikuwa umekunjamana kama ngumi."

"Mbona basi ukanishukuru? Na dawati la nyuma lilikuwa tupu!"

"Mtoto alikuwa amemzika mamake majuzi. Ningemweka peke yake? Halafu alikuwa amesimama pale anasikia. Ulinipa jibu ambalo kwa Kiingereza lilikuwa ruhusa, nikalichukua lilivyo."

Sikuwa nimewahi kuuliza kwa nini Wakesho aliletwa kwa nyanyake. Niliagana na Madam nikitembea taratibu. Kati yetu watoto mle darasani, Wakesho pekee ndiye aliyelijua neno lile "mind" siku ile. Alisikia kwamba nimekubali, na aliuona uso wangu. Siku zote zile alikaa na Mshai akijua kwamba mimi simtaki, na bado nilipomuuliza maana ya neno, alinieleza.