Nyuki kwenye Sanduku la Intaneti

Chama chetu cha wafuga nyuki kina ofisi ya vyumba viwili hapa Mitundu, na mimi ndiye niliyeunganisha kompyuta zake. Kazi hiyo sikuisomea chuoni. Nilijifunza kwa kusoma maelekezo, kujaribu, kukosea na kurudia.

Seva niliiweka chumba cha nyuma, kisichoingia vumbi. Ndani yake tuliingiza taarifa za kila ndoo ya asali: imerinwa na nani, katika msitu upi. Kifaa cha kupokea intaneti nilikipandisha juu ya nguzo nje, kwa sababu mnara wa simu uko mbali na huku chini mawimbi hayafiki vizuri. Kilihitaji sanduku la kukikinga na mvua, na lazima liwe la mbao, maana bati huzuia mawimbi. Kazi hiyo nilimpa fundi seremala, mzee ambaye maisha yake yote ametengeneza mizinga.

Mwanzoni hapakuwa na tatizo. Kisha, siku moja kabla ya mnunuzi wa Dar es Salaam kukagua ghala letu kwa video, intaneti ikaanza kukatika na kurudi. Katibu wa chama akaja kusimama nyuma ya kiti changu. Mnunuzi alikuwa ameshamwambia kwamba asipoiona asali na taarifa zake kesho yake asubuhi, ataagiza kwingine. Asali ya msimu mzima ingebaki ghalani.

Nilikagua seva, kisha swichi inayounganisha kompyuta, kisha kebo. Zote zilikuwa nzima. Nikaegemeza ngazi kwenye nguzo, na kabla sijafika juu nikasikia mvumo. Nyuki walikuwa wakiingia sandukuni kupitia tundu la kebo kama wenye nyumba.

Katibu akampigia simu fundi, naye akaja na baiskeli yake.

“Shikamoo mzee,” nikasema. “Hili sanduku ulilipaka nta?”

“Marahaba. Sasa sanduku la kutundika juu nisipolipaka nta, nyuki watalipendea nini?”

“Hatukutaka walipende.”

“Hukuniambia, mdogo wangu.”

Katibu akatikisa kichwa. “Mzee, lile kabati la nguo nililokuagiza, basi. Nitampa mwingine.”

Fundi alikataa kuwagusa nyuki jua likiwa kali, tukasubiri hadi lilipokaribia kuzama. Akapanda na kopo la moshi, mimi nikapanda ngazi ya pili, kichwa nimekifunika kwa kipande cha chandarua. Akafungua kifuniko.

Nyuki walikuwa wamekizunguka kifaa chote, wamening’inia wakishikana miguu, na taa yake ya kijani ilipenya katikati ya mabawa yao, ikiwaka na kuzima. Pembeni walikuwa wameanza sega, jeupe kabisa, vijumba vyake vimelingana kuliko chochote nilichowahi kupima kwa rula. Wao ndio walioziba matundu ya hewa: kifaa kilipata joto, kikajizima, kikapoa, kikawaka tena. Hilo nililielewa mara moja. Mengine yote sikuyaelewa. Nilishika ngazi tu, nikatazama.

“Pokea kifuniko,” fundi akasema. “Utawaangalia wakiwa kwenye mzinga.”

Akawahamishia kwenye mzinga wake mpya kwa unyoya wa kuku, taratibu, hadi wakaisha. Mimi nikakwangua nta yote na kuziba tundu kwa wavu.

Asubuhi intaneti haikukatika. Katibu alizunguka ghalani akiwa na simu mkononi, na mnunuzi akachagua ndoo moja. Mimi nikaitafuta kwenye seva, na kwenye kioo chake kule Dar es Salaam likatokea jina la mrinaji na msitu wake, upande wa Rungwa.

“Nimeona,” mnunuzi akasema. “Natuma gari.”

Nilikuwa nimesoma sana kuhusu safari ile ya taarifa, ya kupanda nguzo, kuruka hadi mnarani, kwenda pwani na kurudi. Bado nililisoma tena jina lile kwenye kioo changu.

Fundi alikuwa amesimama mlangoni. “Na mzinga wangu mpya uuingize humo.”

“Nyuki wake niandike wametoka msitu gani?”

“Andika walikotoka.”

Nikatoka nje, nikaitazama nguzo kwa muda. Kisha nikarudi, nikaandika: nguzo ya ofisi.