Mbwa Aliyekalia Maji ya Dua ya Mvua

Naona haya kuisimulia hii, na wanaonijua hapa Garissa wataniambia ningenyamaza tu kwa sababu kule Balambala bado sijasahaulika, lakini nikikaa nayo kifuani inaniuma zaidi, kwa hiyo acheni niiseme mara moja na mkitaka kunicheka mnicheke, mimi mwenyewe nimeshajicheka mpaka kicheko kikaisha.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa mifugo kwenye kituo kidogo cha kutunza wanyama, huku nje kidogo ya Galbet. Wagonjwa wetu wengi ni punda wa mikokoteni ya maji, wenye vidonda vya mgongo na kwato zilizopasuka, na kwa ajili ya hao hakuna anayenisema. Shida ni mbwa. Tunao wanane hivi kila wakati, waliookotwa barabarani au walioachwa na wafugaji waliohama, na Msomali mwenzenu, Mwislamu, mtoto wa watu, anayeshinda na mbwa kutwa nzima na jioni anabadilisha nguo uani kabla mkewe hajamruhusu kuingia ndani (mke wangu ameniwekea ndoo mbili, moja ya maji na moja ya udongo, na hana huruma nami hata kidogo), mtu kama huyo ana majina mengi mjini na sitayataja hapa.

Katika mbwa wote waliopita pale, niliyempenda ni mmoja, Biyoole. Aliletwa kutoka upande wa Hulugho wakati wa ukame. Walimkuta kwenye kisima kilichoharibika, wenyewe wameshahama, amelala kando ya birika la kunyweshea mifugo lililobaki na matope na maji ya kujaza kofia mbili, na alikuwa amekaa hapo siku sijui ngapi akimfukuza kila aliyekuja kunywa. Kwetu alipona, akanenepa, manyoya yakang'aa, lakini ule ukame haukumtoka kichwani. Akiona maji, iwe ndoo, iwe dumu, iwe birika la mtu la kutawadhia, anakwenda kulala mbele yake, na ukimkaribia anakuonyesha meno mpaka ufizi. Ndiyo maana wenzangu wakampa jina la Biyoole, ambalo kwa Kisomali ni muuza maji.

Na dawa yake ilikuwepo. Ilinichukua miezi minne kuigundua, nikaumwa viatu viwili (viatu, si miguu, namshukuru Mungu). Ukimjazia bakuli lake mwenyewe kwanza, ukaliweka kando, ukamwacha anywe mpaka aondoke kwa hiari yake, basi maji mengine yote ya dunia hayamhusu tena mpaka kesho yake. Dakika mbili tu. Nilimweleza hivyo mlinzi wa shule moja aliyemchukua kwanza, akaitikia, asijaze bakuli, na mbwa akalala mbele ya tangi na watoto wakakaa na kiu hadi saa nane. Akarudishwa. Nikamweleza muuza miraa mmoja, naye akaitikia vizuri sana, asijaze bakuli, akarudishwa tena.

Daktari wetu, mama mmoja wa huko juu Nyeri, mpole lakini akisema amesema, akaniita ofisini.

"Rashid, vibanda ni vinane na kuna mbwa watatu wanalala nje. Huyu wako ukimpatia mtu, sawa. Asipopata mtu kufikia Jumamosi, au akirudi mara ya tatu, nitamdunga sindano ya mwisho. Usinililie."

Nikasema sawa, nikatoka nje nikalia kwenye banda la punda, ambako hakuna anayeuliza.

Sasa, mjomba wangu, kaka wa marehemu mama, anaitwa Abti Dahir (abti ndiyo mjomba kwetu) na anaishi upande wa Balambala, ana mbuzi na ngamia, na mwezi ule fisi walikuwa wamemlia mbuzi sita. Mbwa wa kulinda zizi hana ubaya kwa mzee yeyote, hata sheikh atakwambia anaruhusiwa. Nikampigia simu.

"Ana kasoro gani?" akaniuliza. Ndilo swali la kwanza la mfugaji, hata ukimpa mnyama bure.

Hapo ndipo nilipoharibu mambo yote. Nilijiambia kwamba ukweli nimeshausema mara mbili na mara mbili umemrudisha mbwa, na Jumamosi haiko mbali, basi safari hii nikae kimya, azoeane naye kwanza, hayo ya bakuli nitayachomeka baadaye taratibu kana kwamba nimeyakumbuka. Nikamjibu, "Hana neno, abti. Mtulivu kama kondoo."

"Anaitwaje?"

Ningesema Biyoole angeuliza kwa nini. Nikasema, "Libaax." Maana yake simba. (Kondoo anayeitwa simba, na mzee wa watu hakushtuka, ndivyo alivyoniamini.)

Abti aliniambia nimlete wiki inayofuata, kwa sababu Alhamisi ile kwake kulikuwa na roobdoon, dua ya kuomba mvua, na wazee wangekuja kutoka kila upande. Mimi nilikuwa na Jumamosi ya Daktari kichwani. Alhamisi asubuhi nikamwomba Mutua, dereva wetu Mkamba, tukampakia mbwa kwenye pikapu, na nikavaa shuka langu jipya la kuvaa kiunoni na kanzu fupi juu yake, nikajiona mtu wa maana, na kwa haraka ile bakuli likabaki Garissa.

Tulifika wazee wameshakaa chini ya turubai, labda arobaini, ndevu zimepakwa hina, ngamia ameshachinjwa, na akina mama wako upande wa pili wanapika. Ardhi ilikuwa nyeupe. Mbuzi wamesimama tu, hawana hata nguvu ya kulia. Abti aliponiona na mbwa mkononi uso ulimbadilika, lakini mbele ya wageni hakunikemea, akasema, "Mfunge kule nyuma ya zizi, mbali, mpaka tumalize."

Ningemfunga, leo nisingekuwa na mkasa. Lakini wazee wawili walishaanza kumsifu, mbwa mkubwa, kifua kipana, na mimi kwa kutaka sifa nikampitisha mbele ya turubai huku nimeshika kamba kwa vidole viwili ili waone alivyo mtulivu, nikasema kwa sauti, "Huyu ndiye Libaax, hamtaona fisi tena." Na kweli alitembea kwa adabu, mkia chini, hata mimi nikaanza kuuamini uongo wangu.

Ndipo mkokoteni wa punda ulipoingia na maji ya udhu. Yalikuwa yametoka mtoni, safari ya tangu alfajiri, na wakaanza kuyamimina kwenye pipa. Ile sauti ya maji yakiingia pipani, jamani. Kamba ilinitoka vidoleni kabla sijajua, na Biyoole alikuwa ameshavuka uwanja, ameweka miguu ya mbele ukingoni mwa pipa, amezamisha mdomo wote ndani, akanywa, kisha akashuka na kujilaza mbele yake, akatukabili watu arobaini na kuanza kunguruma.

Nikaita, "Libaax! Libaax!" Hakugeuza hata sikio, angelijuaje jina la simba? Nikaita tena, wazee wananitazama, mwisho nikapiga kelele, "Biyoole! Biyoole, njoo hapa!" na masikio yakasimama. Nikamwona abti anageuza kichwa polepole kunitazama, na nikajua ameshaelewa kila kitu, kwa maana jina kama hilo mbwa hapewi bure.

Sheikh akanyoosha fimbo kumsukuma, mbwa akaidaka, akaivunja. Mzee mmoja akamwendea Mutua kwenye gari (Mutua alikuwa ameshapandisha vioo) akawa anagonga mlango kwa Kiswahili chake kisicho na herufi p, "Wewe dereva, toa hii umbwa yako haba! Haba iko maji ya sala!" na Mutua ndani ananionyesha mimi kwa kidole, na mikono yake yote miwili, na kidevu. Basi nikajitosa. Nilijirusha juu ya kamba, nikaikosa, mbwa akadhani nataka maji, akaling'ata shuka langu jipya, akavuta, nami nikavuta, na fundo likafunguka. Nilisimama mbele ya wazee wa koo tatu na wanawake wa mji mzima nikiwa na kanzu inayofika kiunoni na kaptula ya mpira ya zamani za sekondari, imetoboka panapostahili kuliko pote pasitoboke. Kuna mwanamke mmoja alicheka. Mmoja tu. Wangecheka wote ningesikia nafuu.

Nilimshika hatimaye kwa shingo, nikamfungia kwenye pikapu, nikarudi nimejifunga gunia. Wazee walikuwa wamelizunguka pipa. Kwetu maji yakiwa machache, mdomo wa mbwa unayanajisi yote, na yakiwa mengi ya kutosha hayanajisiki, kwa hiyo kila kitu kilitegemea pipa lilikuwa limejaa kiasi gani alipozamisha mdomo. Mmoja akasema lilijaa. Mwingine akaapa lilikuwa nusu. Wakaniita mimi niliyekuwa karibu nitoe ushahidi, "Waryaa, sema wewe, uliona nini?" na nilitamani kusema limejaa, wallahi nilitamani, ila nikasema lilikuwa nusu. Huo ndio ukweli pekee niliousema siku ile, na ulikuja umechelewa.

Sheikh akaamuru maji yapewe mbuzi. Hayakuwa yamebaki mengine, na mtoni ni mbali, na adhuhuri imeingia. Basi wale wazee wakainama wote, wakapiga viganja vyao kwenye vumbi, wakajipaka nyuso na mikono kwa mchanga, tayamamu, na wakasimama hivyo hivyo kumwomba Mungu awape mvua. Mimi nilikuwa safu ya nyuma. Niliona vumbi kwenye ndevu za abti wangu na nikatamani ardhi inimeze, lakini ilikuwa ngumu sana hata kwa hilo.

Baada ya dua alinisindikiza garini. Hakupaza sauti.

"Ana nini na maji?"

Nikamwambia yote. Kisima, matope, bakuli, dakika mbili.

"Bakuli moja tu?"

"Bakuli moja, abti."

Akamtazama mbwa kupitia kioo muda mrefu. "Mimi nina ngamia anayeuma, huu mwaka wa kumi na moja. Hajamuuma mtu hapa nyumbani, kwa sababu kila mtu anajua anauma. Ulishindwa nini kuniambia?" Nikakaza fundo la gunia. "Siwezi kumweka leo mbele ya watu hawa. Nenda naye."

Tulirudi Garissa, Mutua akiuheshimu msiba wangu. Daktari alinitazama nikishuka na gunia kiunoni, akamtazama mbwa, akafungua daftari na kulifunga tena bila kuandika kitu.

Jumamosi aliniuliza kama nataka kukaa nje. Nikakaa ndani. Nilimjazia bakuli lake, akanywa taratibu, kisha akasogea pembeni akalaza kichwa kwenye goti langu. Nililia mbele ya Daktari ingawa alishanikataza, na yeye akageukia ukutani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo.

Jumanne simu ikaita. Abti Dahir.

"Fisi wamerudi jana," akasema. "Wazee wameshapoa, sheikh mwenyewe anaicheka fimbo yake. Nimenunua bakuli. Mlete yule wa maji, sasa si nishajua tabia yake."

Nilisimama katikati ya banda la punda na simu sikioni. Ningeweza kusema amechukuliwa na mtu mwingine, anaendelea vizuri, mzee angefurahi na mambo yangeisha. Nikamwambia tumemdunga Jumamosi.



"Kwa hiyo ulinidanganya mimi, akafa yeye," akasema, na simu ikakatwa.

Mvua haikunyesha mwezi ule, na kuna watu hadi leo wananitazama mimi wakiangalia mawingu, hilo nalivumilia. La abti silivumilii. Tangu siku hiyo mtu akija kituoni kutaka mnyama naanza na kasoro zote, huyu anauma, huyu anapiga mateke, huyu haoni jicho la kushoto, na wengi wanaondoka hata chai hawajamaliza. Daktari analalamika kwamba nawafukuza watu. Nawaacha waende, kwa sababu nimeapa sitamsemea tena uongo mnyama yeyote, na yule ninayempenda ndiye wa kwanza.