Mjomba na Poka ya Amerika

Kila Jumapili baada ya ibada, mama mdogo hupiga simu kutoka Amerika, nasi hapa Alby, Sweden, humweka kwenye spika, katikati ya sahani za pilau. Siku hiyo alikuwa na habari: jimbo lao limehalalisha poka ya mtandaoni, ile kamari ya karata, na sasa wanacheza meza moja na watu wa majimbo mengine.

“Kaka, wewe ungewanyoa wote!” akamwambia mjomba.

Hakujua kwamba mjomba alikuwa amejiandikisha mwenyewe afungiwe asiweze kucheza kamari yoyote ya mtandaoni huku Sweden. Mimi nilijua, maana ndimi msomaji wa barua zake za Kiswidi. Kifungo chake cha miezi sita kilikuwa kinaisha kesho yake.

Mjomba akaacha kutafuna. Nikadakia, “Mama mdogo, huyu hata mimi namfunga karata!”

“Mwongo mkubwa!” Mjomba akacheka.

Baadaye akanivutia jikoni, akanipa simu yake. “Mpwa, nioneshe pa kubonyeza. Nifungiwe miezi sita mingine.”

“Sema kwanza kwamba nakufunga karata.”

“Unanifunga, shetani wewe. Haya, wapi?”

Nikamwonesha. Akabonyeza mwenyewe.