Dalali Ndani ya Eda

Nakumbuka Jumamosi moja ya mvua pale Sparkhill, mtaani kwetu huku ughaibuni, mwanangu, wiki ya tatu tangu tumzike baba. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mtoto wa kwanza, na kichwani nilikuwa na jambo moja tu: nyumba. Nilitaka iuzwe, kila mtu achukue chake. Mdogo wangu Saidi alitaka kuhamia humo na mkewe. Tulikuwa hatusalimiani, hata hitima ya baba tuliisoma kila mmoja amekaa ukuta wake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru mwenyewe nilimwita mimi, kwa simu.

Alikuwa dalali wa nyumba, Mwingereza mpole, futi yake mkononi. Nikamfungulia, akapanda juu kupima vyumba. Sasa, mama alikuwa ndani ya eda. Miezi minne na siku kumi mjane hukaa nyumbani kwa mumewe, haonani na wanaume wa kando, wala hakuna wa kumtoa. Niliyajua hayo tangu utotoni, ila siku ile nilijitia kusahau. Mama aliposikia viatu ngazini alikimbilia bafuni akajifungia, kanga kichwani na tasbihi mkononi.

Rukia, dada yetu kitindamimba, ndipo akaingia, katoka dukani alikokuwa akiuza nguo, Stratford Road. Hakupiga kelele. Namsifu mpaka leo, maana mimi ningepiga. Akamwomba dalali radhi kwa Kiingereza chake kizuri, akamtoa hadi barabarani, akarudi, akafunga mlango na kusimama pale pale.

"Kaka, are you serious? Mama yumo edani, wewe unamletea mwanamume kupima chumba chake?"

"Nyumba ni ya urithi," nikasema. "Na mimi nina haki yangu."

"Unayo. Fungu lako mara mbili ya langu, na sijalalamika. Lakini hili langu dogo siliuzi mama akiwa hai."

Mara mlango wa bafuni ukafunguka. Mama akachungulia kutoka juu ya ngazi, akauliza, "Yule mgeni, mlimpa chai?"

Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke. Mama aliyejificha ndani ya nyumba yake kwa sababu yangu, alikuwa akichelea nisionekane sina adabu! Nikakaa ngazini nikalia, na ndevu zangu zote.

Siku ile ile nilimpigia Saidi, nikamwomba radhi. Tukangoja eda iishe, shehe akatuonyesha mafungu yetu, na sote tukakubali mama abaki. Akakaa humo miaka mingi, mpaka Mungu alipomchukua. Siku hizi mimi na Saidi tunagombania mpira tu.

Ukubwa jalala, walisema wahenga. Mimi nilidhani ukubwa ni kiti.

Basi shika neno hili. Urithi ni haki, Mungu mwenyewe kaugawa, usione haya kuudai. Lakini haki ina wakati wake na adabu zake. Mzazi akifa, kabla hujauliza ameacha nini, uliza ameacha nani. Na mdogo wako akikukosoa, usimpime umri, pima maneno yake.

Mungu akujaalie dada wa kukusimamia mlangoni, na akupe moyo wa kumsikia. Akuweke na nduguzo sahani moja mpaka uzeeni. Na mgeni akikujia, hata awe dalali, mpe chai.