Mstari Nilioupuuza wa Salfa ya Makote

Siku ya kwanza kazini, pale Masasi, Mkuu wa TEHAMA hakunikaribisha hata kiti. Alifungua faili moja fupi kwenye kompyuta. “Baba Zuwena, kazi yako ni hii. Uiheshimu.”

Ninyi wa leo mnadhani simu inaongea na seva yenyewe tu. Thubutu! Orodha ya wakulima wetu wa korosho ilikaa kwenye wingu, yaani seva za kukodi zilizoko mbali huko. Ili simu ya karani iulize swali na kupata jibu, ilihitaji maktaba: vipande vya programu vya kubeba maneno kwenda na kurudi. Hatukuziandika kwa mkono. Tulikuwa na kizalishaji. Unakipa maelezo ya huduma na faili la usanidi, lile fupi lenye kanuni za kufuata, kinakutolea maktaba nzima. Huduma ikibadilika unakiendesha upya, nacho kinafuta yote ya zamani.

“Usiguse kilichozalishwa,” Mkuu alirudia hadi akanichosha. “Ukiona kosa, rekebisha usanidi.”

Nikahamishiwa Newala, chini ya Meneja wa Ugavi, mtu wa haraka kupita kiasi. Tulikuwa tunagawa salfa, dawa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ubwiri unga, ndipo kosa likajitokeza. Kwetu mwanamke mwenye mtoto haitwi jina lake. Makarani waliandika Mama Somoe, basi. Usanidi wangu ulimtambua mtu kwa jina na kijiji, na Makote palikuwa na akina Mama Somoe wawili. Akichukua mmoja, mashine inahesabu wote wamechukua.

“Foleni imefika barabarani!” Meneja akafoka. “Tengeneza sasa hivi!”

Kubadili usanidi kulitaka kupima kila kitu upya. Nikaingiza mkono ndani ya maktaba yenyewe, nikaongeza namba ya shamba. Ikakubali. Usanidi nikasema kesho. Kesho haikufika, na ulikuwa uvivu, sina jina jingine la kuupa.

Msimu uliofuata huduma ilibadilika, nikaendesha kizalishaji, rekebisho langu likafutika. Nilikuwa nimeshalisahau. Mmoja wa wale wawili, mjane, akaja ofisini kwa miguu kutoka Makote.

“Shikamoo, Baba Zuwena.”

“Marahaba, Mama Somoe.”

“Karani anasema nimeshachukua. Mfuko wenyewe hata sijauona.”

Nikajua papo hapo. Meneja alikuwa amesimama mlangoni.

“Ni mtandao huo, mama,” nikasema. “Subiri kidogo.”

Nilipomaliza kurekebisha, ghala lilikuwa tupu. Maua ya mikorosho yake yakashika unga mweupe, yakakauka, yakadondoka. Somoe akaacha shule mwaka uleule.

Nimestaafu sasa. Walinipa cheti na khanga za mke wangu, wakaniita fundi. Fundi gani mimi! Ule mstari wa usanidi ambao sikuuandika siku ile ninaukumbuka hadi nafasi kati ya maneno yake, na haunisaidii kitu.

Juzi sokoni Newala nikakutana na Mama Somoe. Nikasema moyoni, leo namwambia. Akaniwahi.

“Shikamoo, Baba Zuwena. Ule mtandao wenu, bado unawasumbua?”

Hakuwa na kejeli hata chembe. Alikuwa ananionea huruma.

“Siku hizi nafuu, mama,” nikamjibu.